Tora-san ni nani, na kwa nini uanze na filamu ya 17?

Ukitaja filamu za Kijapani, wengi wetu akili inakimbilia kwenye samurai na panga, au kwenye katuni. Kwa hiyo mtu anapokutana kwa mara ya kwanza na bwana mmoja mwenye uso wa mraba na vijicho vidogo, kofia kichwani, koti la drafti, mkanda mpana wa sufi tumboni, ndala miguuni na sanduku la ngozi mkononi, hajui amweke fungu gani. Akiuliza, anaambiwa filamu zake ni hamsini. Hapo ndipo wengi wanapokata tamaa kabla hata hawajaanza.

Juzi binamu yangu alinipigia simu usiku akiwa katikati ya mojawapo. Ameisimamisha, ana haraka: "Hebu nieleze, huyu ana ugomvi gani na baba yake mdogo? Na mbona juzi nimeona nyingine, ugomvi ni huu huu?" Nikamjibu kwa kifupi, lakini swali lake lilistahili jibu refu. Nalitoa hapa, kwa sababu nazipenda filamu hizi na ninasikitika mtu anapoziacha kwa kukosa mlango wa kuingilia.

Tuanze na jina. Mfululizo wote unaitwa "Otoko wa Tsurai yo". "Otoko" ni mwanamume. "Tsurai" ni kitu chenye tabu, kinachouma. Kile kijineno "yo" mwishoni hakina maana yake peke yake. Kazi yake ni kama "jamani" yetu mwishoni mwa sentensi. Basi jina zima ni kama mtu anaguna: uanaume una tabu, jamani. Mhusika mkuu ni Kuruma Torajiro. Watu humkata jina wakamwita Tora, ambalo maana yake ni chui milia, na "san" ni neno la heshima linalofuata jina la mtu.

Kwao ni Shibamata, mtaa wa pembeni mwa Tokyo katika wilaya ya Katsushika, karibu na Mto Edo. Kuna hekalu la Kibuddha linaloitwa Taishakuten, na barabara nyembamba yenye maduka inayoelekea hapo. Katika barabara hiyo, ndani ya filamu, pana duka la dango, yaani vidonge vya unga wa mchele vilivyokandwa na majani mabichi. Duka linaitwa Toraya. Wanaoliendesha ni baba yake mdogo Tora na mkewe, kwa sababu wazazi hawapo. Dada yake, Sakura, kwa baba mmoja na mama tofauti, amekwisha olewa na anaishi karibu. Sakura ana mtoto wa kiume, Mitsuo, na kwa Mitsuo, Tora ni mjomba. Nyuma ya duka kuna kiwanda kidogo cha uchapaji ambacho mwenyewe ana upara, na mtaa mzima unamwita Pweza.

Tora alitoroka nyumbani akiwa kijana wa miaka 16 baada ya kugombana na baba yake, akakaa miaka 20 bila kurudi. Filamu ya kwanza, ya 1969, inaanza siku anaporudi. Hayo ndiyo yote unayohitaji kuyajua. Ukishaelewa aya hii na ile iliyotangulia, unaweza kuingia filamu yoyote kati ya hizo.

Kazi yake sasa, maana hapa ndipo wengi wanapokosea. Tora ni "tekiya". Wapo wanaosoma mahali kwamba tekiya ni watu wa yakuza, yaani magenge ya uhalifu ya Kijapani, wakahitimisha kwamba wanaangalia filamu ya jambazi. Kuna ukweli kidogo: kihistoria, magenge ya yakuza yana mizizi miwili, wacheza kamari na wachuuzi wa namna hii, na wachuuzi nao walikuwa na wakubwa wao na mipaka ya maeneo. Lakini Tora hana genge wala silaha. Mfikirie mfanyabiashara wa minada na magulio: Jumatatu yuko hapa, Alhamisi kijiji kingine, anatandika turubai chini, anapanga bidhaa, anaita watu kwa maneno matamu yenye vina mpaka aliyekuwa anapita tu anajikuta ametoa pochi. Tofauti ni kwamba yeye hafuati siku za gulio, anafuata sherehe za mahekalu kutoka kaskazini hadi kusini mwa Japani. Kalenda ya sherehe ndiyo ratiba ya maisha yake.

Na neno la mwisho ni "madonna". Ndivyo Wajapani wanavyomwita mwanamke mgeni wa kila filamu, ambaye Tora humpenda kwa moyo wote, na ambaye kwa kawaida mwishoni hampati.

Hizo filamu ni ngapi hasa? Utasikia 48, utasikia 49, utasikia 50, na wote wanaosema hivyo wako sahihi. Muigizaji Atsumi Kiyoshi alicheza Tora katika filamu 48, kuanzia 1969 hadi 1995. Alikuwa mtu aliyeugua kifua kikuu ujanani hadi akaondolewa pafu moja, na alifariki Agosti 1996 akiwa na miaka 68. Mwaka 1997 ikatoka ya 49, ambayo ni filamu ya 1980 iliyohaririwa upya. Kisha mwishoni mwa 2019, miaka 50 baada ya ile ya kwanza, muongozaji Yamada Yoji akatengeneza ya 50, akiunganisha wahusika walivyozeeka na vipande vya Atsumi vya zamani. Yamada ndiye muongozaji wa takriban zote. Ni mbili tu, ya tatu na ya nne, zilizoongozwa na wengine.

Na wale wanaoshikilia kwamba Tora alikufa zamani? Nao hawajakosea. Kabla ya sinema kulikuwa na tamthilia ya televisheni, vipindi 26, kati ya 1968 na 1969. Katika kipindi cha mwisho Tora anakwenda visiwa vya Amami kutafuta nyoka wa kuuza, anaumwa na nyoka, anakufa. Watazamaji walikasirika. Malalamiko yalimiminika kituoni, na Yamada mwenyewe ameeleza mara nyingi kwamba hasira ile ndiyo iliyomfanya amfufue kwenye sinema. Tora aliishi kwa sababu watu walikataa kumzika.

Nirudi kwa binamu yangu na "mbona ugomvi ni huu huu?" Ni kweli, ni huu huu. Filamu karibu zote zina mifupa ile ile. Inaanza na ndoto ya Tora ambamo yeye ni shujaa. Anaamka. Anarudi Shibamata, wanampokea kwa furaha, na kabla chai haijapoa wamegombana. Anaondoka kwa hasira, Sakura anamfuata mlangoni. Huko safarini anakutana na mwanamke mwenye shida. Mwanamke anafika Toraya, Tora anapenda, mambo yanakwenda kombo, anaondoka tena. Mwisho tunamwona mahali pa mbali, juani au kwenye upepo wa mwaka mpya, anaita wateja.

Anayeiona hiyo kama kasoro akumbuke alivyosikiliza hadithi za Sungura na Fisi. Hakuna mtoto aliyewahi kumkatisha bibi yake na kusema: subiri, ile ya jana sikuisikia, sitaelewa ya leo. Fisi leo amenaswa na tamaa yake, kesho yuko hai na tamaa ile ile, na sisi tunakaa mkao wa kusikiliza. Tunajua atafanya nini. Tunachosubiri ni safari hii atafanyaje. Tora-san amejengwa hivyo. Na kwa miaka mingi filamu hizi zilitoka mara mbili kwa mwaka, wakati wa mwaka mpya na wakati wa Obon, sikukuu ya kiangazi ya kuwakumbuka marehemu, nyakati ambazo Wajapani wanarudi kwao. Familia ilikwenda kumwona Tora akirudi nyumbani katika wiki ile ile ambayo nao wamerudi nyumbani. Ilikuwa sehemu ya sikukuu, kama pilau ya Idi. Hakuna anayelalamika kwamba pilau ya mwaka huu ni kama ya mwaka jana.

Sasa, kwa nini ya 17?

Ilitoka Julai 1976 na inaitwa "Torajiro Yuyake Koyake". Hapo pana mkanganyiko mdogo wa kuondoa. "Yuyake koyake" ni maneno ya anga linapokuwa jekundu jioni, na upo wimbo wa watoto unaojulikana sana kwa jina hilo. Lakini maneno hayo hayo pia ndiyo yanayofungua wimbo mwingine, "Akatombo", yaani kereng'ende mwekundu, na shairi la wimbo huo liliandikwa na Miki Rofu, mzaliwa wa Tatsuno, mji mdogo wa mkoa wa Hyogo unaosifika kwa mchuzi wa soya. Sehemu kubwa ya filamu inakwenda huko Tatsuno.

Ndoto ya mwanzo inaiga filamu ya Kimarekani ya samaki papa iliyokuwa imetikisa dunia wakati ule. Baada ya hapo Tora anarudi kwa ajili ya Mitsuo, ambaye ndiyo kwanza ameanza shule ya msingi. Furaha inageuka: shuleni, mwalimu amemtaja Mitsuo kuwa ni mpwa wa Tora-san, na ukumbi ukacheka. Ugomvi unazuka, Tora anaenda kunywa. Kwenye baa anamkuta mzee mchafumchafu ambaye hana pesa ya kulipia alichokunywa. Tora anamlipia na kumleta nyumbani.

Asubuhi mzee anajiona yuko kwenye nyumba ya wageni. Anaagiza maji ya kuoga. Anatoka, anakula mkunga wa kuchoma mahali, bili inaletwa Toraya. Watu wa nyumbani wanachemka, na Tora analazimika kumweleza kwa upole kwamba hapa si hoteli, ni kwa watu, na watu wenyewe si matajiri. Mzee anashangaa kwa dhati. Anaomba karatasi na brashi, anachora kitu kwa dakika chache, anamwambia Tora apeleke kwenye duka fulani mtaa wa Jimbocho.

Tora anakwenda akiamini anaaibishwa. Mwenye duka anaitazama karatasi, uso unambadilika, anatoa yeni 70,000. Kwa kiwango cha mwaka ule, dola ilipokuwa karibu yeni 300, ni zaidi ya dola 230 kwa mistari michache ya wino. Mzee yule ni Ikenouchi Seikan, mchoraji mkubwa wa Japani. Tora anarudi mbio, mzee amekwisha ondoka, na mchoro mwingine alioachiwa Mitsuo unachanika vipande viwili wakati Tora na Pweza wanaugombania. Nimeona watu wazima wakifunika uso kwa mikono kwenye tukio hilo, wanacheka huku wanaumia.

Hapo ndipo swali la filamu linapowekwa mezani bila yeyote kulitamka: mtu mmoja anakwangua karatasi mara moja anapata kiasi ambacho mwingine hupiga kelele kwenye jua kwa majuma kukipata. Tora atafanya nini baada ya kulijua hilo?

Baadaye, safarini, anamkuta Seikan kwa bahati huko Tatsuno. Maofisa wa mji wamemwalika mchoraji, na kwa kuwa Tora yuko naye, wanadhani ni mwanafunzi wake. Wanamkirimu. Mzee hapendi karamu, kwa hiyo ni Tora anayebaki kula na kunywa na geisha aliyeletwa kuwaburudisha, Botan. Kijana wa ofisi ya mji aliyepewa kazi ya kumhudumia mchoraji amechezwa na Terao Akira, na mchoraji ni Uno Jukichi, baba yake mzazi.

Kuhusu geisha, tuondoe dhana moja. Wengi wetu tunaposikia neno hilo tunafikiria kahaba. Geisha ni msanii wa kulipwa: anacheza ngoma, anapiga shamisen, zeze la Kijapani la nyuzi tatu, anamimina kinywaji, anaongoza maongezi mezani ili wageni wasichoke. Botan, kama alivyochezwa na Taichi Kiwako, ni mwanamke wa mji mdogo, kicheko kikubwa, ulimi mwepesi, hajikwezi. Na Tora mwenyewe alizaliwa na geisha. Ukilijua hilo, utaona jinsi anavyomtazama: anamtania, anakunywa naye, lakini hamshushi hadhi hata mara moja.

Wakati hao wanacheka, Seikan amekwenda peke yake kwenye nyumba moja kumwona mwanamke aliyempenda ujanani na kumwacha. Wamezeeka wote. Anamwomba radhi. Yule mama anamjibu kwa utulivu kwamba maishani majuto yako ya namna mbili, ya kujiuliza kwa nini nilifanya, na ya kujiuliza kwa nini sikufanya. Aliyecheza sehemu hiyo ni Okada Yoshiko. Januari 1938 muigizaji huyo, akiwa nyota, alivuka mpaka kwenye theluji ya kisiwa cha Sakhalin na mpenzi wake kuingia Muungano wa Kisovieti. Mpenzi aliuawa, yeye akafungwa miaka mingi, na aliirudia Japani 1972. Watazamaji wa 1976 walimjua. Tukio lenyewe ni la sauti ya chini, hakuna machozi, watu wawili wamekaa kwenye mkeka. Ndani ya filamu ya vichekesho! Ndiyo maana nashindwa kukubali watu wanapoziita filamu hizi za kuchekesha tu.

Kiangazi, Botan anafika Toraya. Anasema kwa utani amekuja kuanza maisha na Tora, kama Tora alivyomwahidi kwa utani walipoagana. Ukweli unatoka baadaye: amekuja Tokyo kumtafuta mwanamume aliyechukua akiba yake yote, yeni milioni mbili, akiahidi faida. Pweza anajitolea kumsindikiza, maana yeye angalau ni mwenye biashara na anajua kuongea na watu wa namna ile. Wanarudi mikono mitupu. Tapeli anajua kujificha nyuma ya sheria, na sheria haiwezi kumgusa.

Tazama uso wa Tora hapo. Hana pesa, hana elimu, hana jamaa serikalini. Anainuka, anamuaga Sakura kama mtu anayekwenda kufungwa, anatoka mbio kwenda kumshughulikia huyo mtu. Anwani yake haijui. Tunacheka, na papo hapo Botan anaanza kulia, akisema ni mara ya kwanza maishani mwake kuona mwanamume akimuonea uchungu namna ile. Pesa, anasema, basi tena.

Mimi naamini filamu ingeweza kuishia pale. Lakini Tora amekumbuka karatasi ya Jimbocho. Anakwenda kwa Seikan na kumwomba achore kitu, chochote, Botan akakiuze. Mchoraji anakataa: uchoraji ni kazi yake ya maisha, hawezi kushika brashi kwa ajili ya kutafuta pesa za shida fulani. Tora anakasirika, anamwambia maneno makali, anaondoka.

Watazamaji wengi hapa humchukia mzee. Mimi nadhani wote wawili wana haki, na Yamada hataki tumchague mmoja. Mchoraji akianza kuchora kila anapoombwa na mwenye shida, mistari yake itakuwa noti za benki na si mistari tena. Na Tora akikubali jibu hilo kwa adabu, hatakuwa Tora. Filamu hii ilishika nafasi ya pili katika orodha ya jarida la Kinema Junpo ya filamu bora za Kijapani za mwaka 1976, na naona ni kwa sababu ya chumba kile, ambamo hakuna mkorofi.

Kama hupendi kuambiwa mwisho, ruka hapa uende ukaitazame.

Tora anarudi Tatsuno wakati joto la kiangazi bado ni kali. Anamkuta Botan kwake. Ukutani pametundikwa mchoro uliotumwa na Seikan: ua la peoni, ambalo kwa Kijapani huitwa botan, sawa na jina lake. Haukuchorwa ili uuzwe, umetolewa zawadi. Tora, mchuuzi, anapiga hesabu mara moja, huo ukiuzwa hasara yote imefidiwa. Botan anakataa katakata. Hautauzwa kwa bei yoyote, atakaa nao maisha yake yote.

Kwa hiyo yeni milioni mbili hazikurudi. Hakuna aliyepata kile alichokwenda kutafuta, na bado hii ni kati ya filamu chache ambazo Tora haondoki na moyo uliopasuka. Anatoka nje barabarani na kumuuliza Botan, Tokyo iko upande gani? Botan anaangaza huku na huku, anamwonyesha. Tora anageukia huko, anaunganisha viganja vyake mbele ya kifua kama mtu aliye hekaluni, na anamshukuru mzee kwa sauti, akimwomba radhi kwa yale aliyomwambia.